Picha Jongefu Sokoni na Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia kwa Mlaji na Mfanyabiashara

(Mazungumzo na walaji na wafanyabiashara wadogo katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mwenye simu ya kisasa hukutana nalo mara nyingi kwa siku bila kulitafakari, yaani picha zinazochezacheza. Ni lile waridi linalochanua juu ya maneno "Asubuhi njema"; ni kibonzo kinachopiga makofi katika kundi la ukoo; ni kiatu kinachozunguka polepole katika tangazo la duka; ni maandishi mekundu yanayowakawaka na kusema "Punguzo, leo tu". Kwa Kiswahili cha vitabuni tunaziita picha jongefu. Vijana wengi huziita GIF, kwa jina la mfumo wa faili ulioziingiza katika mazoea ya watu duniani.

Huenda mtu akauliza, picha ya waridi ina uhusiano gani na ulinzi wa mlaji? Jibu ni kwamba kitu kinachosogea huvuta jicho la binadamu kabla akili haijaamua kutazama. Anayefahamu jambo hilo aweza kulitumia kukuonyesha bidhaa yake vizuri zaidi, na aweza pia kulitumia kukuharakisha ulipe kabla hujafikiri. Ndiyo maana tumeona inafaa tulizungumze kwa utulivu.

Picha hizi zilitoka wapi na zinafanyaje kazi

Mfumo wa GIF ulitolewa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe ya Marekani, na mhandisi aliyeongoza kazi hiyo aliitwa Steve Wilhite. Wakati huo kompyuta ziliunganishwa kwa nyaya za simu za kawaida, na picha moja iliweza kuchukua dakika kadhaa kufika. Haja kubwa ilikuwa kuibana picha iwe nyepesi bila kuiharibu. Ndiyo sababu mfumo huo huruhusu rangi zisizozidi 256 katika kila picha, na hauna sauti kabisa.

Mwaka 1989 mfumo uliboreshwa, ukawezesha picha kadhaa zilizo ndani ya faili moja kupewa kila moja muda wake wa kuonekana. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape iliongeza katika programu yake ya kufungulia kurasa za mtandao uwezo wa kuzirudia picha hizo bila kikomo. Tangu hapo picha jongefu zikaenea kila mahali.

Siri yake ni ile ile ya mtoto wa shule anayechora mtu pembeni mwa kurasa za daftari, kila ukurasa mkono umesogea kidogo, kisha akazipitisha kurasa haraka kwa kidole gumba. Tangazo la sekunde 3 lenye picha 10 kwa kila sekunde limebeba picha 30. Kumbukeni hesabu hiyo, kwa maana tutairudia tutakapofika kwenye gharama ya vifurushi.

Mfanyabiashara azitumieje

Wahenga walisema, kibaya chajitembeza, chema chajiuza. Methali hiyo haimkatazi mwenye chema kukionyesha. Inamkumbusha tu kwamba bidhaa ndiyo inayouza, na mapambo hayawezi kuziba upungufu wake.

Picha jongefu hufaa pale inapoonyesha jambo ambalo picha mnato haiwezi. Muuza mikoba aweza kuonyesha zipu ikifunguka na mifuko ya ndani ikionekana. Fundi wa majiko banifu aweza kuonyesha mahali mkaa unapowekwa na namna mlango wa hewa unavyofungwa. Muuza kanga aweza kupanga picha nne tu: kanga imekunjwa, imetandazwa, maandishi yake yanasomeka, na mwisho bei ya doti. Kila picha ikikaa sekunde moja na nusu, tangazo zima ni sekunde sita, nalo limemweleza mnunuzi karibu kila alichotaka kujua.

Anayetaka kutengeneza tangazo la namna hii azingatie mambo matano.

Kwanza, kiwe kitu kimoja tu kinachosogea. Bidhaa ikizunguka, maandishi yatulie. Vikisogea vyote, mteja haoni hata kimoja.

Pili, bei, jina la duka na mahali lilipo visiwe vya kupita mbio. Viwekwe katika picha inayokaa muda wa kutosha kusomwa na mtu mzima aliyevaa miwani.

Tatu, picha ya kwanza ijitosheleze. Baadhi ya programu za barua pepe na baadhi ya simu huonyesha picha ya kwanza peke yake na kuishia hapo. Kama bei imewekwa ya mwisho, wapo wateja ambao hawataiona kamwe; basi iandikwe pia chini ya picha.

Nne, bei na maelezo muhimu yaandikwe kama ujumbe wa kawaida pia. Asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi ya simu kwa sauti, na kwa kawaida programu hiyo husoma maandishi ya ujumbe, si yale yaliyochorwa ndani ya picha. Kwa mstari mmoja tu wa maandishi, mteja huyo naye amehudumiwa.

Tano, tumieni picha zenu wenyewe. Kibonzo cha filamu maarufu au uso wa mwanamuziki una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za ubunifu. Kumtumia rafiki kibonzo kwa mzaha ni jambo moja. Kukibandika katika tangazo la biashara ni jambo jingine. Simu yako, meza yenye mwanga wa dirisha na bidhaa yako mwenyewe vinatosha.

Haki nne za mlaji

Siku ya Haki za Mlaji huadhimishwa tarehe 15 Machi kwa sababu tarehe hiyo, mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alitaja katika ujumbe wake kwa Bunge la nchi yake haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Tuzipitie hizo nne, tuone picha jongefu zinazigusaje.

Haki ya kupewa taarifa

Naanza na hii kwa kuwa ndiyo inayovunjwa mara nyingi zaidi.

Mmeona matangazo yenye saa inayohesabu kurudi nyuma: zimebaki dakika kumi, zimebaki dakika tisa, punguzo linakwisha. Mara nyingine punguzo lina mwisho wa kweli. Mara nyingine saa hiyo ni picha tu, haijaunganishwa na kitu chochote. Kipimo chake ni rahisi. Funga ukurasa, kaa kidogo, ufungue tena. Saa ikianza upya kutoka dakika kumi, ujue hakuna kinachokwisha isipokuwa subira yako. Na hata kama saa ni ya kweli, haki yako ya kuuliza bei ya kawaida ilikuwa kiasi gani haikwishi pamoja nayo.

Kuna gurudumu la bahati linalozunguka na kusimama kwenye zawadi kubwa, kisha likakutaka uandike namba ya simu na namba ya siri, au ulipe "ada ndogo ya usajili". Gurudumu hilo limechorwa lisimame pale pale kwa kila mtu. Hukushinda, umechaguliwa kuibiwa. Namba ya siri ya akaunti yako ya fedha za simu haiandikwi katika tangazo lolote, hata lizunguke namna gani.

Kuna pia ujanja mdogo mdogo: kitufe cha kufungia tangazo ambacho kwa hakika ni sehemu ya tangazo lenyewe, alama ya bahasha inayotikisika kana kwamba una ujumbe mpya, hata unywele uliochorwa juu ya picha ili ukijaribu kuupangusa kwenye kioo cha simu, kidole kifungue ukurasa wa muuzaji. Ukibonyeza kwa namna hiyo ukajikuta pengine, rudi nyuma. Hulazimiki kuendelea kwa kuwa tu umeshaingia.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Haijalishi udanganyifu umesemwa kwa mdomo, umeandikwa kwenye karatasi au umechorwa ukachezacheza. Mfanyabiashara mwaminifu hana cha kuhofia hapo: aandike lini punguzo linaanza, lini linaisha na bei ya awali ni ipi, kisha azishike ahadi hizo.

Picha si stakabadhi

Hapa nawaombeni ninyi wauzaji mnisikilize kwa makini zaidi, maana mlinzi wa mlaji anapaswa kumlinda hata muuza nyanya, ambaye naye ni mlaji wa huduma za fedha.

Programu nyingi za malipo huonyesha alama ya vema ya kijani inayojichora ndani ya duara pindi malipo yanapokamilika. Macho yetu yameizoea, na moyo hutulia ukiiona. Lakini alama hiyo ni picha. Mtu aweza kuitengeneza, akaihifadhi katika simu yake pamoja na jina lako na kiasi cha fedha, akakuonyesha dukani wakati wateja wamekusonga. Utampa bidhaa, ataondoka, na jioni unapohesabu utakuta hakuna kilichoingia. Kwa mama anayezungusha mtaji wa siku kwa siku, gunia moja la mchele lililoondoka kwa namna hiyo ni faida ya wiki nzima, na pengine ni mtaji wenyewe.

Kanuni ni moja: malipo yanathibitishwa katika simu ya anayepokea, hayathibitishwi katika simu ya anayelipa. Subiri ujumbe wa mtandao wako. Ujumbe nao waweza kughushiwa na kutumwa kutoka namba ya mtu binafsi, kwa hiyo tazama umetoka wapi, na kwa fedha nyingi angalia salio lako kabla ya kukabidhi mzigo. Mteja mwema hatakasirika kwa kusubiri dakika mbili. Andikeni kibao pale dukani: "Mzigo hutolewa baada ya muuzaji kuthibitisha malipo." Kibao hicho kitawaondolea aibu ya kuonekana mnamshuku mtu, maana kitakuwa kinamhusu kila mmoja.

Haki ya usalama

Mwanga unaowakawaka haraka waweza kumdhuru mtu. Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilionyesha miali myekundu na ya buluu iliyopishana kwa kasi kwa sekunde chache. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini, baadhi yao wakiwa wamepatwa na degedege. Mwezi Desemba 2016, nchini Marekani, mwandishi mmoja wa habari mwenye kifafa alitumiwa kwa makusudi picha jongefu inayomemeteka, akaanguka. Aliyeituma alifunguliwa mashtaka.

Si kila mwenye kifafa huathiriwa na mwanga. Ni sehemu ndogo tu. Lakini katika jamii zetu wengi wenye kifafa huficha hali yao kwa kuogopa kunyanyapaliwa. Hutajua ni nani kati ya wateja wako, au nani katika kundi la ukoo wako, yumo katika sehemu hiyo ndogo. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za mtandao inashauri kwamba kitu kisimemeteke zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja. Kwa lugha ya kawaida, picha ikikuumiza macho wewe mwenyewe unapoitengeneza, usiitume. Anayeona dalili akiitazama picha ya namna hiyo afumbe jicho moja kwa kiganja na kugeuka upande mwingine, kisha amwone mtaalamu wa afya.

Haki ya kuchagua

Tuirudie sasa ile hesabu ya picha 30 katika sekunde tatu. Tuchukue tangazo moja lenye uzito wa MB 4. Mfanyabiashara akilituma katika kundi la watu 150, kila simu hulipakua kwa kifurushi cha mwenyewe. Jumla ni MB 600, na wanaolipa ni wateja, si yeye. Akituma matangazo matatu kila siku, kila mteja hutumia MB 12 kwa siku, sawa na MB 360 kwa siku 30. Kwa anayenunua kifurushi kidogo cha siku, hilo si jambo la kupuuza. Mteja wa namna hiyo hatakuja kukulalamikia. Atajiondoa kwenye kundi kimya kimya, na hutajua umempotezea wapi.

Kwa mfanyabiashara, ushauri ni kupunguza idadi ya picha, kupunguza ukubwa wake, na kufahamu kwamba mara nyingi video fupi isiyo na sauti huwa nyepesi kuliko GIF ya urefu ule ule. Sababu ni kwamba mifumo ya video huhifadhi hasa yale yaliyobadilika kutoka picha moja hadi inayofuata, ilhali GIF haina ufundi huo kwa kiwango kile. WhatsApp yenyewe hugeuza GIF kuwa video fupi kabla ya kuisambaza. Wateja nao waulizwe kabla ya kuingizwa katika kundi la biashara. Kumwunga mtu bila ridhaa yake ni sawa na kumwingizia mzigo nyumbani bila kubisha hodi.

Kwa mlaji, fungua mipangilio ya WhatsApp, uingie sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video unapotumia kifurushi. Baada ya hapo, kwa kawaida picha na video zitakazotumwa zitakusubiri. Unayoitaka utaigusa, usiyoitaka utaiacha.

Mawasiliano ya kila siku

Tusidhani kwamba kuzungumza kwa picha na maneno mafupi ni jambo la kizungu. Kabla ya simu, kanga ilikuwa ikisema. Mwanamke wa pwani alijua kanga ipi ya kumpa mkwe, ipi ya kuvaa mbele ya jirani aliyegombana naye, na ipi ya kumfariji mfiwa. Kanga ile ile, ikivaliwa mahali pasipostahili, ilizua ugomvi. Picha jongefu zina adabu hiyo hiyo. Kibonzo kinachocheka kwa machozi chafurahisha katika kundi la marafiki. Katika kundi la msiba kimewahi kuvunja udugu, ingawa aliyekituma alidhani ni kibonzo kinacholia. Katika taarifa ya kifo, ya ugonjwa au ya deni, andika maneno. "Poleni sana, tutafika kesho" haikosewi maana.

Jambo la pili ni nyuso za watu. Siku hizi ni rahisi kuichukua picha ya jirani, ya mwalimu au ya mtoto na kuigeuza kibonzo cha kuchekesha. Aliyechekwa hana pa kuikimbilia sura yake ikishasambaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua kwamba taarifa za mtu zina mwenyewe, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Mfanyabiashara anayetaka kutumia sura ya mteja katika tangazo amwombe ridhaa kwa maandishi. Akiwa ni mtoto, awaombe wazazi au walezi wake.

Haki ya kusikilizwa

Mlaji aliyedanganywa na tangazo afanye nini? Tatizo la picha jongefu ni kwamba kesho yaweza kuwa imefutwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhifadhi ushahidi papo hapo: piga picha ya kioo cha simu, au kirekodi kinapocheza, tarehe na jina la akaunti vikionekana. Hifadhi ujumbe wa malipo na mazungumzo yote na muuzaji. Usifute chochote kwa hasira.

Hatua ya pili, mwandikie muuzaji kwa lugha ya staha, ueleze tangazo lilisema nini, ulipata nini, na unataka afanye nini. Migogoro mingi huishia hapo. Asipokujibu au akikataa, peleka lalamiko lako Tume ya Ushindani. Ujumbe wa kitapeli uliotumwa kwenye simu yako, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke kwa namba 15040. Ukiwa umekwisha kuibiwa fedha, mpigie mtoa huduma wako mara moja, kwa kuwa kila dakika ina thamani, kisha utoe taarifa polisi.

Wengi huona haya kulalamika kwa sababu kiasi kilichopotea ni kidogo. Lakini tapeli anayechukua shilingi elfu mbili kwa kila mtu anaitegemea haya hiyo hiyo. Lalamiko lako dogo, likiunganishwa na ya wenzako, ndilo linaloiwezesha mamlaka kumwona.

Hitimisho

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia mziache picha hizi. Zinafurahisha, zinafundisha, na zimempa mfanyabiashara mdogo uwezo wa kuionyesha bidhaa yake kwa mtu aliye mkoa mwingine bila kulipia tangazo la televisheni. Ninachowaomba ni kidogo. Muuzaji, kabla hujatuma, jiulize kama tangazo lako lingekuwa kweli hata likisimama tuli. Mnunuzi, kabla hujalipa, iache picha icheze mpaka iishe, weka simu chini, kisha usome bei na masharti yaliyoandikwa. Na wewe uliye nyuma ya meza ya duka, simu yako ikiwa haijapokea fedha, basi hujalipwa.

Sasa nawakaribisha kwa maswali.